Klabu ya jiografia Arusha: tusomeje picha za mlima, nyimbo, filamu na kanga bila kuishia kwenye burudani?

MwalimuSekei

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia klabu ya jiografia kwenye sekondari moja hapa Arusha, kidato cha tatu na cha nne. Muhula huu nimeomba kipindi cha Ijumaa mchana tusome jiografia kupitia vitu ambavyo wanafunzi wanavitazama kila siku: Kilimanjaro iliyochorwa ubavuni mwa kifodi (daladala ndogo), hip hop ya huku kwetu, kanga, filamu za mbugani. Mkuu wa shule hajakataa, ila ameuliza swali la haki kabisa: muziki na jiografia wapi na wapi? Anataka kuona kazi iliyoandikwa, si vijana wamekaa wanasikiliza nyimbo.

Nina projekta moja, spika, ramani ya Arusha ya 1:50,000 na atlasi chache. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, kwa hiyo kila kitu lazima nikipakue mapema. Naombeni njia ya kufanya kazi: mwanafunzi aanze na nini, apime nini, aandike nini, na watu hukosea wapi.

---

Kibo_na_Mawenzi

Mwalimu, pole na kazi. Anza na picha ya mlima. Hapo jibu sahihi na jibu baya yanajitenga wazi, na vijana watazoea swali litakalowafaa hadi mwisho wa muhula: aliyepiga picha alisimama wapi?

Kilimanjaro ina vilele viwili vinavyoonekana kwa mbali. Kibo, m 5,895, ina kichwa kipana kilicho bapa. Mawenzi, m 5,149, iko mashariki yake na ina miamba iliyochongoka. Kati ya vilele hivyo ni kama km 11. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, kwa hiyo Mawenzi iko mkono wako wa kulia. Ukivuka mpaka ukasimama Amboseli, Kenya, unatazama kusini na Mawenzi inahamia kushoto. Kwa kipimo hicho kimoja tu mwanafunzi anaweza kugawa picha zote za kalenda, fulana na mabango katika mafungu mawili.

Kisha pimeni nafasi kati ya vilele. Nyoosha mkono mbele, funga ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10 za pembe, na kidole kimoja ni karibu nyuzi 2. Kutoka Moshi mjini, ambako Kibo iko kama km 30, vilele vinatengana kwa nyuzi 22 hivi, yaani ngumi mbili na ushei. Kutoka Amboseli, upande wa Ol Tukai, ni kama nyuzi 12. Kutoka Arusha ni km 80 na nyuzi zinabaki 4 tu, vidole viwili, Mawenzi ikichungulia nyuma ya bega la kulia la Kibo. Rombo, upande wa mashariki wa mlima, mambo yanageuka: Mawenzi iko mbele na inatawala, Kibo inarudi nyuma yake. Kwenye picha ngumi haifai, maana lenzi hukuza kila kitu kwa pamoja. Hapo linganisha pengo la kati ya vilele na upana wa kichwa cha Kibo. Pengo likiwa jembamba sana, mpigapicha alikuwa upande wa Arusha.

Makosa ni matatu. La kwanza, picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wachapishaji na wachoraji hufanya hivyo ili maandishi yapate nafasi, na Mawenzi inahamia upande usio wake. Kabla ya kutoa hukumu tafuta herufi, namba ya gari, au upande wa usukani. La pili, lenzi ya kuvuta mbali: twiga anaonekana amesimama chini ya mlima kumbe mlima uko km 40 nyuma yake. La tatu, theluji. Mawenzi haina barafu ya kudumu, kwa hiyo ukiiona nyeupe ujue ni theluji mpya ya siku chache, na hapo usitumie weupe wa Kibo kukadiria mwaka wa picha. Mawenzi ikiwa kavu, barafu ya Kibo inaweza kukupa makadirio. Mwaka 1912 ilikuwa kama km² 12, na kufikia 2007 ilibaki chini ya km² 2. Picha ya kadi ya zamani na picha ya juzi kutoka sehemu ileile ni somo zima la mabadiliko ya tabianchi.

Sasa upande wa jamii. Picha inayouzwa duniani kote, yenye tembo, migunga na tambarare kavu mbele ya mlima, ni ya kaskazini. Upande ule ni mkavu kwa sababu mlima unazuia pepo zenye mvua zinazotoka Bahari ya Hindi. Amboseli hupata karibu mm 350 kwa mwaka, wakati msitu wa miteremko ya kusini hupata zaidi ya mm 2,000. Na ni huku kusini waliko watu: vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga), migomba, kahawa chini ya kivuli, mifongo inayoleta maji kutoka korongoni, makanisa na shule za Kibosho, Machame, Marangu. Mpigapicha wa biashara hapapendi. Miti na nyumba zinaziba, na mawingu hujaa kuanzia saa nne asubuhi. Matokeo yake mlima unajulikana duniani bila wakazi wake. Mwanafunzi akiandika hilo kwa ushahidi wa Mawenzi kuwa kushoto, mkuu wa shule atakuwa amejibiwa.

---

Upeo_wa_Macho

Naongeza zoezi la hesabu ambalo kidato cha tatu wanaliweza. Kundi la Marekani liitwalo Toto lilitoa mwaka 1982 wimbo ambao bado unapigwa kila mahali, na ndani yake Kilimanjaro inasimama juu ya Serengeti. Waulize vijana: je, inaonekana?

Chukueni Seronera, katikati ya Serengeti, kwenye mwinuko wa m 1,500 hivi. Kwa rula na skeli ya atlasi, kutoka hapo hadi Kibo mtapata karibu km 290. Kimo cha kilele juu ya tambarare ni 5,895 − 1,500 = m 4,395. Mviringo wa dunia unaficha kimo cha mita 0.0785 × umbali wa kilomita kipeo cha pili. Kwa hiyo 0.0785 × 290 × 290 = karibu m 6,600. Mwanga hupinda kidogo hewani na kuinua vitu vya mbali, basi punguza moja ya saba: inabaki kama m 5,660. Bado ni zaidi ya 4,395. Kilele kiko chini ya upeo kwa zaidi ya kilomita moja, hata siku ambayo hakuna wingu wala vumbi. Na kwenye mstari huohuo mtakutana na Ol Doinyo Lengai na Gelai, yote miwili ikikaribia m 3,000.

Rudieni hesabu kwa Arusha: 0.0785 × 80 × 80 = m 502. Mji uko kwenye m 1,400, hivyo kinachofichwa ni sehemu ya mlima iliyo chini ya m 1,900 hivi. Kibo yote inabaki wazi, mradi pasiwe na kilima au miti mbele yako.

Kosa la kawaida ni kusahau kutoa mwinuko wa anayetazama. Wanafunzi huchukua 5,895 nzima, na jibu linakaribiana kiasi cha kuwachanganya. Lingine ni kupima umbali kwa barabara. Njia ya kwenda Seronera inazunguka Makuyuni na Karatu. Mnataka mstari ulionyooka.

Halafu ulizeni kwa nini mtunzi aliweka vitu hivyo pamoja. Kwa msikilizaji wa mbali, Serengeti, Kilimanjaro na Ngorongoro ni mahali pamoja panapoitwa Afrika, na umbali kati yao hauna kazi. Matangazo mengi ya utalii nayo huunganisha tembo wa huku na mlima wa kule kwenye bango moja. Mpeni kila mwanafunzi bango moja atafute vitu viwili ambavyo haviwezi kuonekana kwa jicho moja kutoka sehemu moja.

---

BintiKaloleni

Kwenye nyimbo, Mwalimu, tatizo kubwa ni mwanafunzi kuandika "wimbo huu unaelezea maisha ya Arusha" akaweka nukta. Mzuie kwa jedwali.

Chagua nyimbo kumi na tano hadi ishirini za wasanii wa huku za vipindi tofauti. Kwa Arusha huna haja ya kuhangaika: X Plastaz, Nako 2 Nako Soldiers, Joh Makini na wenzake wa Weusi, na vijana wa sasa. Andika mashairi yote kwanza, ndipo uanze kuchambua. Kila mstari unaotaja mahali uingie kwenye jedwali: mwaka, jina la mahali, aina yake (mtaa, mji, mlima, barabara, nchi), na kitendo kinachofanyika hapo. Kitendo ndicho chenye utajiri. Mtu anaishi Ngarenaro, anatafuta pesa Mirerani, anapita Moshi, anakwenda kurekodi Dar, anaota Ulaya. Ukishayapanga hivyo unapata ramani ya uhamaji wa kijana wa mjini, na mishale yake unaweza kuichora.

Mahali palipotajwa mara nane kwenye kiitikio pahesabiwe mara moja kwa wimbo. Msipofanya hivyo, wimbo mmoja wenye kiitikio kirefu utaimeza ramani nzima.

Angalieni sana majina pacha. Kaloleni iko Arusha na iko Moshi, na ipo Kenya pia. Majengo vilevile. Soweto ya Moshi si ile ya Afrika Kusini. Njiro ni Arusha, Njoro ni Moshi, na masikioni kwenye wimbo wa kasi yanafanana. Thibitisheni kwa jina la pili linalotajwa karibu nalo: Kaloleni ikiandamana na Mianzini au Levolosi ni ya Arusha, ikiandamana na Pasua ni ya Moshi.

Video ni ushahidi tofauti na mashairi, msivichanganye safu. Wimbo unaweza kuimba Unga Limited wakati video imepigwa ufukweni Dar. Hiyo nayo ni taarifa: inaonyesha studio, waongozaji na vituo vya televisheni viko wapi.

Baada ya hapo wekeni majina kwenye ramani yenu ya 1:50,000, duara kubwa kwa mahali palipotajwa na nyimbo nyingi, kisha someni kontua (mistari ya mwinuko). Mji wa Arusha unateremka kutoka Mlima Meru kwenda kusini, na mito kama Themi na Naura inafuata mteremko huo. Huko juu kuna kivuli, maji na viwanja vikubwa. Mipango ya ukoloni ilitenga makazi kwa rangi, na Waafrika wakawekwa upande wa magharibi wa mji, huko Kaloleni na Ngarenaro. Madaraja ya mito yakawa mipaka ya tabaka. Tazameni kama maduara yenu yanaangukia upande ule ule. Yakiangukia huko, swali linalofuata ni mitaa ipi haitajwi kabisa, na ni nani anayeishi humo.

Mirerani ipeni safu yake. Tanzanaiti iligunduliwa 1967, na ukuta wa km 24.5 kuzunguka machimbo ulizinduliwa Aprili 2018. Linganisheni nyimbo za kabla na za baada: mwanaapolo (mchimbaji mdogo) anasimuliwa vipi, pesa inaingiaje mjini, nani ananunua. Somo la madini kwenye kitabu haliwafikishi vijana mpaka kwa dalali wa mtaani.

---

Sensa_Kwanza

Samahani dada BintiKaloleni, jedwali lako nimelipenda ila hitimisho lipigwe breki. Mtaa kutajwa na nyimbo nyingi hakuonyeshi kwamba una watu wengi au maskini wengi. Kunaonyesha kwamba una heshima kwenye ulimwengu wa muziki, au kwamba wasanii watatu walikulia huko wakaendelea kutajana. Mtaa uliojaa watu waliohamia juzi, kule Muriet kwa mfano, unaweza kuwa kimya kwenye nyimbo kwa sababu bado haujatoa msanii.

Dawa yake ni kuweka takwimu za sensa ya 2022 pembeni. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa idadi ya watu kwa kata. Mwanafunzi apange kata kwa idadi ya watu, kisha kwa idadi ya nyimbo, na aeleze zile ambazo nafasi zake zinapishana sana. Hapo ndipo penye jiografia. Ila mipaka ya kata hubadilika na mtaa wa kwenye wimbo haufuati mipaka ya kata, kwa hiyo "Njiro" ya wimboni inaweza kuwa imevuka mstari wa serikali. Aandike wazi amehesabu nini.

---

BintiKaloleni

Nakubaliana na wewe kaka, hilo la kupanga kata kwa njia mbili nalichukua. Na linaeleza pia kwa nini mwaka wa wimbo lazima uwepo: jina hukaa kwenye nyimbo miaka mingi baada ya mtaa wenyewe kubadilika.

---

MwalimuSekei

Nashukuru sana, tayari nina kazi ya wiki nne. Nimebakiza filamu na kanga. Kwenye filamu nina wasiwasi kwamba saa mbili za projekta zitaliwa bure. Kuna namna ya kufupisha?

---

Mkazi_wa_Momella

Mwanangu Mwalimu, usionyeshe filamu nzima. Chukua dakika kumi tu, uzitazame mara tatu.

Filamu inayokufaa ni *Hatari!* ya Howard Hawks, aliyoigiza John Wayne. Ilitoka 1962, na sehemu kubwa ilipigwa huku Tanganyika, Momella na maeneo mengine ya kaskazini. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kwa hiyo kamera zilikuwa zikizunguka chini ya Meru katika miezi ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Hadithi ni ya kundi la wageni wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za nje.

Mara ya kwanza zima sauti. Wanafunzi waandike umbo la nchi tu: rangi ya majani, vumbi au matope, aina ya miti, mlima uko upande gani wa fremu. Rangi ya majani inawapa msimu. Meru inawapa mahali: ukiwa Arusha mjini unaiona kama koni iliyokamilika, lakini ukiwa Momella, mashariki yake, unaona ukuta uliomomoka na shimo wazi lenye kilima cha majivu ndani. Ni mlima ule ule wa m 4,566, sura mbili.

Mara ya pili washa sauti na gawa kazi. Kundi moja lihesabu nani anasema na kwa sekunde ngapi, jingine nani anaendesha gari, jingine nani anabeba, anapika au anasimama pembeni bila jina. Mara ya tatu watafute kisichoonekana: mashamba, masoko, watoto wa shule. Wameru walikuwa wakilima kahawa na ndizi kwenye miteremko hiyo hiyo, na Waarusha, ambao wanasema lugha ya Kimaa, ni wakulima wa upande wa pili wa mlima. Kwenye filamu za mbugani kaskazini yote inageuka kuwa nyika na Mmasai mwenye mkuki. Hilo liunganishe na vinyago vya maduka ya watalii mjini, na hata na muziki. X Plastaz walimweka mwimbaji wa Kimaasai mbele, na albamu yao ya 2004 iliwafikia wasikilizaji wa Ulaya. Hao walikuwa vijana wa Arusha mjini wakiamua wenyewe sura ya kujitambulisha nayo, na hiyo si hali moja na kamera ya mgeni inayoamua kwa niaba yako. Wape vijana nafasi ya kubishana juu ya tofauti hiyo, ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Usiache kutaja hifadhi. Ngurdoto ilitangazwa hifadhi ya taifa 1960, na mwaka 1967 Meru ikawa ndani yake ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mpaka wa hifadhi na sura ya filamu vilikua katika kipindi kimoja: ardhi ya wanyama huku, watu kule.

---

MwalimuSekei

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa vizuri, hasa hiyo ya kuzima sauti kwanza.

---

Doti_Moja

Kanga kwa ufupi, maana kwa huku bara si chanzo kizito kama pwani. Waombe walete doti ambayo haijakatwa, au wapige picha nyumbani kwa simu ya mzazi, kanga ikiwa imetandazwa chini kwenye kivuli. Kwenye jua kali rangi zinaungua na maandishi ya pembeni hayasomeki. Waandike pindo, mji na jina, neno kwa neno, bila kusahihisha tahajia.

Wanaokosea huishia kwenye methali. Jiografia iko ukingoni mwa kitambaa, kwenye maandishi madogo ya mwenye haki na mahali kilipotengenezwa: Dar es Salaam, Mombasa, India, China. Kumi na tano za namna hiyo zinatosha kuchora ramani ya biashara ya nguo. Kanga za kumbukumbu, za kanisa, chama, kampeni au kikundi cha akina mama, zina tarehe na mahali, kwa hiyo zipangwe peke yake kwa miaka. Kanga iliyokatwa na kupindwa mara nyingi imepoteza ukingo. Iandikwe tu kwamba chanzo hakijulikani, mwanafunzi asibahatishe.

---

Kibo_na_Mawenzi

Kuhusu zao la kazi, Mwalimu, usidai insha ndefu. Kila kundi litoe karatasi moja kubwa yenye picha au mashairi yaliyochambuliwa, ramani ya mchoro yenye skeli, kaskazini na ufunguo, na aya tatu. Alama nyingi ziende kwenye ushahidi: sentensi ya "hii imepigwa kutoka kusini" bila kutaja Mawenzi isipate kitu hata kama ni kweli. Hayo yote yanawaandaa kwa usomaji wa picha na ramani kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Na kazi ya kwanza kabisa, kabla ya projekta: mwishoni mwa wiki kila mmoja ahesabu michoro ya Kilimanjaro atakayokutana nayo kwenye vifodi, vinyozi, kuta za hoteli na mifuko ya bidhaa, aandike Mawenzi iko kushoto, kulia au haipo. Mchoraji wa Moshi akiwa ameiweka kushoto, amenakili kadi iliyopigwa kutoka Kenya badala ya kuinua macho atazame kaskazini. Makundi ya Arusha na ya Moshi yakikusanya kwa fomu moja mtaweza kulinganisha miji miwili. Nikutumie fomu ikiwa tayari?

---

MwalimuSekei

Nitumie mkuu, Ijumaa hii tunaanza nayo. Nitaweka hapa matokeo ya kushoto na kulia yakishajumlishwa.